Siku Nilipopeleka Tuzo Mhunze

Chuo kikuu kiliponitunuku kwa utafiti wangu wa masuala ya amani, nilipanda basi hadi Shinyanga, nikaunganisha hadi Mhunze kumwonyesha mama. Miaka mingi nilikuwa nikiandika juu ya ugomvi wa wachimbaji wadogo kule Geita, na nilishaalikwa kuhutubia hata nje ya nchi. Mama hakuwahi kuelewa hasa nilisomea nini.

Aliishika ile ngao ya kioo, akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Ng'wanone," aliniita mwanangu kwa Kisukuma, kama alivyoniita tangu utoto, "amani nayo inasomewa?"

"Inasomewa, mama."

"Basi kesho utatupatanishia majirani."

Walikuwa wazee wawili wasiosalimiana tangu ng'ombe wa mmoja walipoingia shambani kwa mwenzake wakamaliza pamba. Mama aliwaita wote waje kunipongeza, bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake naye anakuja. Walipokutana sebuleni niliwaamkia, wakaitikia marahaba, wakakaa kila mmoja kona yake.

Nikaanza maneno niliyozoea kuwaambia wanafunzi: kila upande ueleze, kila upande usikilizwe. Mwenye pamba akatazama dari. Mwenye ng'ombe akanipa hongera, akaaga.

Mama akaingia na sinia moja la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa kwa karanga, akaliweka katikati yao.

"Mwanangu amepewa heshima mbele za watu. Mnataka nifurahi peke yangu?"

Mwenye ng'ombe akarudi kukaa. Wakala. Hatimaye akasema, macho yake kwenye sinia, "Siku ile nilikuwa Kolandoto, nimempeleka mke wangu hospitali. Ng'ombe walibaki bila mtu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinijia na fimbo. Ningeanzia wapi?"

Mwenye pamba akakaa na kipande chake cha michembe mkononi. "Na shemeji alipona?"

"Alipona."

Waliongea hadi jua likawa kali. Mimi nilikuwa nawaongezea chai tu, mama akinikazia jicho kila nilipotaka kusema.

Mama ametutoka sasa. Nimetunukiwa mara nyingine, kwenye kumbi kubwa, na kila ninaposomewa wasifu wangu namkumbuka akinizuia kwa jicho nisiwakatize wazee wale. Mwaka jana niliwapigia simu wazee wale kwamba naenda kusafisha kaburi lake. Nikawakuta wote wawili wameshafyeka majani, wamekaa wakinisubiri, wananilaumu kwa kuchelewa.