Filomena, Bila Kukatwa

Wanaosema Filomena ni jina la vikongwe waje waniambie mimi usoni. Nitawajibu vizuri tu, maana nimelelewa na mmoja. Siku hizi watoto wanapewa majina mafupi kama kikohozi, halafu wenye vikohozi ndio wanaotucheka.

Zamani hukupita nyumba tatu bila kumkuta Filomena. Darasani kwa mama yangu walikuwa watano, na mwalimu, mtu asiyependa usumbufu, akaamua kuligawa jina. Wa kwanza akawa Filo, wa pili Mena, wa tatu Fina, wa nne Lomi. Mama alikuwa nyumbani na homa siku hiyo. Aliporudi, vipande vilikuwa vimekwisha, akaitwa Wa Tano mpaka akamaliza shule.

Alipoolewa akawa mke wa dereva. Alipojifungua kaka yangu akawa mama wa fulani, na mimi nilipozaliwa hata sikubadilisha kitu. Kiwandani, alikoshona sare za wauguzi miaka ishirini na sita, msimamizi aliwaita wanawake kwa namba za cherehani. "Namba Saba, kola hii imepinda!" Haikuwa imepinda. Mama hajawahi kupindisha kola maishani mwake, na huyo msimamizi nina hasira naye hadi leo.

Kiwanda kilipofungwa, mama akapanga chumba chake mwenyewe, ukuta mmoja na kinyozi. Akaweka cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, na pazia pembeni la kujaribia nguo. Kilichobaki kilikuwa kibao cha juu ya mlango.

"Kiandikwe jina langu," akasema.

Kaka akacheka. Kaka hucheka kwanza, kufikiri baadaye.

"Filomena? Mama, watu watadhani unashona sanda! Tuandike Mena Mitindo. Hilo la kisasa."

"Mena alikuwa binti wa mpishi wa shule. Mtoto mzuri, lakini si mimi."

"Basi Filo."

"Filo aliniibia rula."

"Haya, Fina!"

"Mwanangu, mbona unanivisha nguo za watu?"

Mimi nilinyamaza, na sikunyamaza kwa heshima. Nilipokuwa shule, kila nilipoulizwa jina la mama nilisema Mena, kwa sababu niliona haya. Mkataa kwao mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa wa wasichana wawili waliokaa dawati la mbele.

Kaka naye ana kichwa kigumu. Akamzunguka mama, akaenda kwa fundi wa vibao, na Jumamosi asubuhi fundi akaja na ubao begani na ndoo ya vifaa mkononi. MENA MITINDO, maandishi ya njano, na ua pembeni.

Mama aliusoma. Akamshukuru fundi kwa kuwahi. Kisha akaulaza ubao kifudifudi juu ya meza ya kukatia, akaupapasa mgongo.

"Huku hakujaandikwa kitu," akasema. "Toa brashi."

"Mama, tusikilizane," kaka akaanza.

"Nimesikiliza. Leo ni zamu yako."

Fundi alimsikiliza akimtajia jina, akapima kwa shubiri, akakuna kichwa. "Jina refu hili. Nikiongeza 'fundi cherehani' halitoshi, labda maandishi yawe madogo."

"Ondoa fundi cherehani."

"Watu watajuaje unafanya kazi gani?"

"Cherehani iko dirishani na macho wanayo. Chema chajiuza."

"Utakosa wateja, mama," kaka akasema, safari hii bila kicheko.

"Nikose!" Ilikuwa hasira tupu. "Nimekosa jina tangu nikiwa na miaka saba, sikufa. Kila mtu amenikata akanishona anavyotaka. Mwalimu, msimamizi, na sasa wewe niliyekuzaa!"

Kaka akainamisha kichwa. Ndipo nikasema, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, "Fundi, andika Filomena. Uanzie ukingo huu, umalizie ule." Mama alinitazama, akaenda kutia uzi kwenye sindano.

Rangi ilikauka kabla ya saa saba. Herufi nane nyekundu, kila moja kubwa kama sahani. Kaka alishika ngazi bila kuombwa, lakini misumari aligonga mama mwenyewe, mmoja akaupinda, akaung'oa, akaugonga tena. Akashuka, akaingia ndani, akakaa kwenye cherehani yake, akaanza kushona.

Kinyozi akatoka na mkasi mkononi, amemwacha mteja na nusu kichwa. Akatazama juu, akasoma kwa sauti, taratibu, kama watu wanavyosoma kibao kipya.

"Fi-lo-me-na."

"Abee!" mama akaitika kutoka ndani.

Kinyozi akacheka. "Sikukuita, mama. Nilikuwa nasoma tu."

Cherehani ikasimama.

"Soma tena," mama akasema.