Mistari ya Felista

Niseme mapema ili tusisumbuane: haya yalinikuta mimi, nikiwa na akili zangu timamu, sijanywa kitu, siumwi malaria. Najua mmezoea blogu hii ni ya mapazia, mapishi ya haraka na namna ya kupanga kabati. Mtasema natafuta kiki. Semeni tu. Juzi msomaji mmoja aliniomba niandike maisha yangu ya chuo, nikajaribu kutafuta ya kuchekesha, yakagoma. Kila nikianza, anakuja Felista.

Tulikuwa tunasoma Mzumbe, tumepanga chumba kimoja mtaani, yeye na mimi. Felista alikuwa Mluguru wa juu kabisa milimani, mtoto pekee wa mama yake. Alitumia mkono wa kushoto, na ndiye aliyenisuka miaka yote ya chuo. Mkono wake niliujua: mistari myembamba, ikifika kisogoni inapinda kidogo. Nilikuwa namtania kwamba ananichorea barabara za kwao.

Mwaka wa mwisho aligombana na mama yake. Kwao ardhi inafuata upande wa mama, na kipande kimoja cha shamba la njegere kilikuwa kiwe chake. Mama akamwachia mjomba alime kabeji, bila kumwambia. Mtu mwingine angenuna wiki moja, akasahau. Felista alinuna muhula mzima. Simu ya mama ikiita, anaigeuza kifudifudi. Basi mama akawa ananipigia mimi: "Mwanangu, mwenzio anasemaje?" Namwambia, bado, mama. Siku nyingine anakata, siku nyingine analia kwanza.

Alhamisi moja Felista akasema tumbo linamsumbua, anakwenda kwa mama yake mdogo Mwembesongo, kule mjini, akapumzike. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Mvua ilikuwa imechachamaa wiki ile, milima huioni kabisa kwa mawingu.

Jumamosi jioni umeme ukakatika. Nilikuwa nimefumua nywele, nimekaa chini kwenye mkeka, uso dirishani nipate mwanga, mgongo mlangoni, nahangaika na kitana. Nikasikia sauti yake nyuma yangu. "Lete hicho kitana, unajikata nywele bure."

Nilifurahi jamani. Nikataka kugeuka, akanishika kichwa. "Tulia. Ukigeuka mstari utaharibika."

Mnaosukwa mnajua, hayo ni maneno ya kila siku. Nikatulia. Akaanza twende kilioni, ile mistari ya kurudi nyuma isiyo na mambo mengi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, nikadhani kanyeshewa. Nikamuuliza tumbo, akasema limeacha. Nikamwambia kuna ugali na dagaa kwenye sufuria, akasema ameshiba. Nikawa nasikia vidole tu. Alipofika katikati ya kichwa akasema, taratibu, "Ukifika kwetu, mwambie mama lile shamba amwachie mjomba. Mimi silitaki tena."

"Si umpigie mwenyewe?" nikamwambia. "Atafurahi."

Vidole vikaacha. Nikajua anatafuta mafuta. Nikangoja, nikangoja, mwisho nikageuka. Chumba kitupu. Kitana kilikuwa juu ya mkeka, na mlango una komeo, komeo nililolifunga mwenyewe kwa ndani. Niaminini, nilikwenda kulishika kwa mkono.

Nilikuwa bado nimelishika pale jirani yetu wa chumba cha pili alipogonga, analia. Felista alifanyiwa upasuaji hospitalini mjini Ijumaa, hakuamka. Walinipigia simu yangu ikawa imezimika, na mama yake mdogo alikuwa ndiyo kwanza amepata namba ya huyu jirani. Mama yake mzazi hakuwahi kushuka, maana udongo ulikuwa umeporomoka na kukata barabara ya mlimani. Asubuhi wangempandisha kwao kumzika.

Nilikwenda, kichwa nimekifunga kitenge. Sikuwa na ubavu wa kufumua, wala wa kumwambia mtu. Gari lilipofika palipokatika, vijana wakabeba jeneza mabegani, sisi nyuma yao kwenye matope. Tukazika. Tuliporudi nyumbani nikaingizwa ndani kwa wanawake wa ukoo. Pale kwao, aliyekuwa karibu na marehemu anafumua nywele zake msibani, kwa hiyo mama yake mkubwa Felista akanivua kitenge ili anisaidie. Akakiona kichwa changu, upande umesukwa, upande timtim.

Mama Felista alikuwa amekaa karibu yangu. Akanyoosha mkono, akapitisha kidole juu ya mstari mmoja mpaka kisogoni, pale unapopinda.

"Huu ni mkono wa mwanangu," akasema. "Kakusuka lini?"

Nikamwambia, "Jana jioni, mama."

Waliokuwa wanasali rozari wakageuka kunitazama. Mama akaniuliza kama Felista alisema lolote juu yake. Nikampa salamu zake nilivyopewa, sikuongeza wala sikupunguza. Akazirudia kwa midomo tu. Silitaki tena. Mnaona ugumu wake? Mtu anaweza kusema hivyo kwa kuwa amesamehe, na anaweza kusema hivyo kwa kuwa amekata kabisa.

"Alipokuwa anasema hivyo," mama akauliza, "uso wake ulikuwaje?"

Hapo ndipo nilipolia. Sikuuona, mama. Alikuwa nyuma yangu.

Akanilaza kichwa mapajani pake, akaanza kunifumua mwenyewe. Alikuwa anafumua kidogo, anaacha, anaushika mstari uliobaki, anaendelea. Mama mkubwa alitaka kumsaidia, Mama Felista akamsukuma mkono.

Mimi sijasuka tena tangu siku ile, nakata. Na kila mwaka napanda kumwona mama. Mjomba alilirudisha shamba wiki ileile, lakini hakuna anayelilima, limekuwa pori. Tukishakunywa chai ananiuliza kila mara, "Hebu kumbuka vizuri. Hakucheka hata kidogo?" Mara ngapi nimetaka kumwambia alicheka, mama, alikuwa amesamehe! Ningemdanganya, angelala. Lakini namwona anavyonitazama mdomo, nashindwa. Namwambia sijui. Anaitikia kwa kichwa, ananimiminia chai nyingine.

Kwa hiyo nawaomba, nyie mnaonisoma. Mtu wako akirudi kimyakimya, akakaa nyuma yako, akakwambia tulia usigeuke, wewe geuka. Acha nywele ziharibike. Mwangalie usoni, umwangalie vizuri, maana kuna mama yake mahali fulani atakuja kukuuliza.