Mafuta ya Pamba Ndani ya Breki za Marwa

Ipo siku moja ya kiangazi, mwanangu, naikumbuka hadi harufu yake. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari lililolala chini kama mamba, lenye milango miwili tu, mguu wangu mtupu uko juu ya pedeli ya breki, na kutoka kwenye tairi la mbele sauti ya Marwa inaniamuru: "Kanyaga. Shikilia hapo hapo. Achia." Nikakanyaga, nikashikilia, nikaachia. Tulianza umande ulipokauka. Nimelima, nimezaa, nimezika, lakini kazi niliyoifanya kwa furaha kama ile siijui nyingine.

Marwa alikuwa fundi, kijana wa huku kwetu Nyanungu, mikono myeusi kwa grisi, meno meupe. Mfanyabiashara mmoja wa Bomani alikuwa na gari la mashindano, la zamani, ambalo enzi zake lilikimbizwa huko ng'ambo ya mpaka. Maduka yalipofanywa ya ushirika, mzee yule alifunga mizigo yake akaondoka, na kwa kuwa Marwa alimtengenezea magari miaka mingi, akamwachia lile. Injini ilikuwa nzima, inanguruma kama fahali aliyeona mwenzake. Breki ndizo zilikuwa za kizamani, zile za ngoma, ambazo zikipata moto hazishiki tena. Kwenye tambarare utajidanganya nazo. Kwenye vilima vyetu zitakuua.

Basi Marwa akaenda Musoma, akapekua magari yaliyoanguka, akarudi na breki za diski za gari jipya zaidi, amezitia kwenye gunia kama mihogo. Watu walimcheka. Wenye magari wanatafuta mbio, huyu anahangaika kutafuta kusimama! Yeye aliwajibu kwamba gari la kwenda hata mteremko unaweza kulitengeneza. La kusimama ndilo linataka fundi.

Miaka ile ya ujamaa, kuwa na gari lako peke yako ilikuwa kama kula nyama umejifungia ndani. Walishaanza kumwita bepari, maskini ya Mungu, bepari asiye na hata kuku. Mwenyekiti wa kijiji akakata shauri: wageni wa wilaya wanakuja baada ya siku tano, Marwa aendeshe gari lile mbele yao kwenye mteremko wa shule. Likishuka salama, litakuwa la kupeleka wagonjwa na wajawazito hospitali mjini, na Marwa atapewa banda, awe fundi wa kijiji. Baba yangu, ambaye sisi tulimwita tata, hakutaka kusikia habari za mkwe anayenuka petroli. Aliposikia habari ya banda, akalegea. Akasema fundi mwenye banda anaweza kuzungumziwa. Kwa hiyo siku ile ya wageni ilibeba kazi ya Marwa na ndoa yangu kwa mgongo mmoja.

Sasa sikia upumbavu wangu.

Breki zile zinasukumwa na mafuta yake maalumu, na ndani ya mabomba haitakiwi kubaki hewa hata kidogo. Ndiyo maana mmoja anakanyaga pedeli, mwingine analegeza nati kule kwenye tairi ili hewa itoke. Marwa alikuwa na kopo moja tu la mafuta hayo, kalitafuta Musoma siku mbili. Jua lilipofika kichwani alikwenda kuazima spana, akaniambia nilitunze kopo kama mtoto mchanga. Nikatoka garini kunyoosha miguu. Nikajiona kwenye kioo cha pembeni, na nilikuwa mzuri, sikudanganyi, waulize waliobaki. Nikageuka huku, nikageuka kule, kisigino kikalipiga kopo. Udongo ukanywa. Ndani ya kopo yalibaki kama ya kujaza kikombe.

Ningesema tu. Angekasirika, angerudi Musoma, ingepita siku moja ya kununa. Lakini miaka ile, mwanangu, tulizoea kubadili kila kitu. Hakuna sabuni, tunafua kwa majani ya mpapai. Hakuna sukari, tunatafuna guru la miwa na chai. Nikajiambia mafuta ni mafuta. Nikakimbia nyumbani, nikachukua chupa ya mafuta ya pamba ambayo mama aliipangia foleni duka la ushirika tangu alfajiri, nikajaza kopo mpaka pale mafuta yalipokuwa yamefika. Rangi zilikaribiana. Mama aliponiuliza chupa nikasingizia paka, na paka akapigwa.

Marwa alirudi, akamimina, kisha akanusa kopo. Akasema siku hizi hata Musoma wanachanganya vitu. Neno lilinifika kwenye ulimi, nikalimeza. Niliona haya kuonekana mzembe mbele ya mwanamume aliyeniamini kwa kitu kimoja tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliusikia msemo huo tangu utotoni, nikadhani unasema habari za homa.

Siku ya wageni ikafika. Walimwaga majivu chini ya mteremko, hapo ndipo gari lisimame, na nyuma ya majivu watoto wa shule walipangwa mistari, wanaimba. Marwa alishuka mara ya kwanza, gari likasimama na pua yake juu ya majivu. Tulipiga vigelegele, hata tata alisahau akacheka. Mwenyekiti naye akaona sifa zisimpite, akaingia garini kwa safari ya pili, kofia kichwani.

Nilikuwa nimesimama juu kule walikoanzia. Niliona taa nyekundu za nyuma zikiwaka, maana yake amekanyaga. Gari halikupungua. Zikazimika, zikawaka, zikazimika, zikawaka. Nilijua mguu wake unafanya nini, kwa kuwa ni mguu niliofundishwa. Watoto waliacha kuimba. Marwa akakata usukani, akaliingiza gari kwenye ua wa mkonge, likapiga mtaro, likalala ubavu. Hakufa mtu. Mwenyekiti alivunjika mkono. Watoto wote walikwenda nyumbani na miguu yao, na mimi kila Jumapili namshukuru Mungu kwa hilo kabla ya kumwomba kingine chochote.

Jioni Marwa alifungua breki palepale mtaroni. Akatoa raba zake za ndani, zile zinazozuia mafuta yasivuje, zimevimba kama mahindi yaliyolowekwa. Akaiminya moja, akainusa muda mrefu. Kisha akaniangalia.

"Gati, una neno la kuniambia?"

"Sina neno."

Akasubiri, kama mkulima anavyoliangalia wingu lililobeba mvua. Nikamtazama usoni nikarudia kuwa sina. Ndipo akaifunga ile raba kwenye kitambaa, akatia mfukoni.

Kesho yake ulikuwa mkutano wa kijiji. Wakasema alitoa breki nzuri zilizokuja na gari akaweka takataka zake. Wakasema angeua watoto kwa kujifanya anajua. Tata akasimama akauliza mtu asiyeweza kusimamisha gari atawezaje kusimamisha nyumba, watu wakacheka mpaka wakapigana mabega. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, natazama kanga yangu. Marwa alipopewa nafasi alisema maneno machache: mafuta aliyamimina kwa mkono wake, fundi ni yeye, lawama ni yake. Jina langu hakulitaja. Hakunitazama hata mara moja.

Siku ya tatu alipita njia ya Sirari, ile ya mpakani, kwa miguu, na begi lake la spana. Mimi nilikuwa shambani. Nilimwona kabla hajafika, nikainama katikati ya mahindi mpaka alipopita. Hebu fikiri, mwanangu. Mtu unayempenda anapita hatua kumi kutoka ulipo, anakwenda moja kwa moja, na wewe umechuchumaa umebana pumzi.

Nililibeba lile jambo mpaka mahindi yalipovunwa. Usingizi ulinikimbia, nikakonda. Mwishowe nikaenda kwa mama yake Marwa, mjane aliyekuwa anakaa peke yake. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikampa shikamoo, nikapiga magoti, nikamwaga yote, na machozi juu yake. Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza akasema:

"Mimi nilijua mwanangu ni fundi. Hukuniletea kitu hapa. Wapelekee wasiojua."

Hakunifukuza wala hakunikaribisha uji. Nimepigwa fimbo maishani, lakini sijapigwa na kitu kama maneno yale. Aliona kwamba nimekuja kwake kwa sababu kwake ni rahisi: mtu mmoja, nyumba moja, machozi yangefutwa, na jina la mwanawe lingebaki palepale matopeni.

Mkutano uliofuata nilisimama. Mwenyekiti aliniuliza mara mbili kama ni mimi kweli nataka kusema. Nikasema kuhusu kopo, chupa ya mama, paka, yote. Hakuna aliyecheka. Tata alitoka kabla sijamaliza. Siku nne hakusema na mtu, ya tano akachukua fimbo yake akavuka mpaka mwenyewe kumtafuta kijana wa watu. Alifika Migori, akaonyeshwa gereji aliyokuwa akifanyia kazi. Wakamwambia ameondoka mwezi uliopita, amekwenda mbele, hawajui wapi. Mwezi mmoja tu. Kisha mpaka ukafungwa, na ulipofunguliwa tena nilikuwa na mtoto mgongoni.

Simtukani babu yako, aliyenioa baadaye. Alikuwa mtu mwema na nilimlilia nilipomzika. Lakini gari likishuka mteremko wa shule nikiwa napepeta, mkono unasimama, nasikiliza linavyofunga breki. Linalofunga vizuri, nasema moyoni huyo amepata fundi. Sijui kama alioa. Sijui kama yu hai. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao wengi wananisahaulisha mengi, ila hili hawaliwezi. Kijiji kizima kilijua Marwa hakukosea. Marwa peke yake ndiye ambaye hakujua kwamba tulijua.

Basi shika hili. Kosa ni la kila mtu, hata mimi ninayejisifu nimelifanya. Ukimwaga, sema umemwaga, siku hiyo hiyo, kwa yule uliyemharibia. Usingoje uwe na ujasiri; ujasiri huja baada ya kusema. Na ukiona mwingine anabebeshwa mzigo wako, usiende kulia chumbani kwa mama yake. Nenda pale alipovuliwa nguo, umvike hapo hapo, watu wakiona.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mikono yenye kazi na nyumba yenye kicheko. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na wale wa kukusamehe awaweke karibu, wasiwe wamekwisha kuvuka mpaka.