Bethuel na Kazi ya Kukaa

Kochi la Bethuel lilikuwa limeingia bonde. Tangu kiharusi kimwangushe ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi alilokuwa akiendesha, miaka miwili ilimpita pale sebuleni Castle Vale, mjini Birmingham, na kutoka pale alilisimamia jiko la mkewe kama mkaguzi aliyetumwa na serikali.

"Mama Mumbua, hicho kitunguu kinaungua."

"Baba Mumbua, hiki kitunguu nakikaanga tangu kabla hujanioa. Kiache kiungue kwa amani."

Kwa hiyo alipopata kazi, aliyepumua kwanza ni jiko.

Ilikuwa kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, upande wa Sutton Coldfield, asubuhi chache kwa wiki. Kazi yenyewe ni kukaa. Unapokea simu, unabonyeza kitufe mlango ufunguke, unatabasamu. Mguu wa kushoto wa Bethuel ulikuwa bado unapokea amri kwa kuchelewa, na daktari alikuwa amekataza mambo ya kusimama-simama, lakini kukaa alikuwa amekufanyia mazoezi ya kutosha. Mkewe, Angeline, alisema kwa kukaa hakuna Mkenya Birmingham nzima wa kumshinda.

Raisa, yule dada wa ofisi ya kazi aliyeshughulikia msaada wake wa serikali, alikuwa amemweleza taratibu: mshahara ukianza kuingia, msaada utapungua kidogo kidogo, haukatwi ghafla kama umeme. Bethuel alielewa. Kilichomnyima raha si hesabu. Aliogopa kwamba kazi ikimshinda katika mwezi wa majaribio, atarudi kwenye lile bonde, na safari hii hatatoka tena.

Siku ya kwanza alikaa vizuri sana, kwa dakika chache. Mlango wa ukumbi ukafunguka, akaingia bibi mmoja mwembamba anasukuma kigari chake cha kutembelea. Bethuel akasimama. Hakuwaza. Alilelewa Mwingi, na huko mtu akikutwa amekaa mzee anapoingia, mama yake humtazama kwa lile jicho. Akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, akainama kidogo.

"Habari ya asubuhi, mama."

Bibi huyo, Brigid, aliyekuja kutoka Ireland akiwa msichana, alimtazama kana kwamba ameletewa maua. Kisha akaja mzee mwingine, Bethuel akasimama. Wakaja wawili pamoja, akasimama. Hapo ndipo alipogundua kitu ambacho hakukifikiria siku ya usaili: kwenye nyumba ya wazee, kila anayepita ni mzee.

Habari zilienea kwenye korido. Watu waliokuwa wameacha kutoka vyumbani walianza kutamani kunyoosha miguu. Brigid alitoka bustanini na kuingia tena, akatoka, akaingia, kila mara akijifanya amesahau kitambaa chake cha shingo. Kitambaa kilikuwa shingoni.

Jioni Angeline alimwona mumewe akipanda ngazi kwa kushika ukuta.

"Kazi ya kukaa ndiyo imekuchechemesha hivi?"

"Ni viatu."

"Hivyo viatu umeenda navyo kanisani mwaka mzima."

Siku zilizofuata mguu ulizidi kuwa mzito. Alhamisi meneja wao, Kulwinder, alimwita pembeni. Alikuwa mama mpole, ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi.

"Bethuel, nilikupa kiti kwa sababu ya mguu wako. Naona kila siku unaondoka hapa ukiwa na hali mbaya kuliko ulivyokuja. Kesho nitakuangalia. Kama hata kiti kinakuumiza, siwezi kukubakisha. Sitaki uangukie mikononi mwangu."

Bethuel alisema, "Ndiyo, madamu." Angemwambia nini? Kwamba kiti hakina kosa, ila yeye hajakikalia?

Usiku ule alimwambia mkewe ukweli. Angeline alicheka mpaka akashika mlango wa friji.

"Ngoja. Kila anayeingia unasimama?"

"Ningefanyaje?"

"Na wote ni wazee?"

"Mama Mumbua, si mchezo huu. Nitamwambiaje mtu wa umri wa mamangu kwamba siku hizi nitamsalimia nikiwa nimekaa kama chifu?"

Angeline akaacha kucheka. Alimtazama mumewe vile alivyokuwa akiukanda mguu wake kwa mikono miwili, akamletea chai bila kuambiwa, na kitunguu kilipoungua hakuna aliyesema neno.

Ijumaa Kulwinder aliacha mlango wa ofisi yake wazi. Bethuel alisimama kwa wa kwanza, akasimama kwa wa pili. Brigid alipoingia na kitambaa chake, Bethuel aliinuka nusu, mguu ukakataa, akabaki ameng'ang'ania meza huku jasho likimtoka. Kulwinder akainuka kitini kwake.

"Kaa!"

Sauti ilitoka dirishani, kwenye kiti cha magurudumu. Ilikuwa ya Chhotubhai, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Machakos nyuma ya duka la baba yake la vitambaa. Wiki nzima alikuwa ameitikia salamu za Bethuel kwa kutikisa kichwa tu, akitazama. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha kwenye kaunta ya duka hilo.

"Wewe kijana, mimi nasema kaa! Mzee akisema kaa, kwenu watu nafanya nini?"

"Wanakaa, mzee."

"Sasa? Wewe iko na adabu ama hapana?"

Bethuel akakaa. Alikaa kama mtoto aliyefokewa, mikono juu ya magoti, na moyoni akahisi kama ametuliwa gunia.

Chhotubhai akamgeukia Kulwinder aliyekuwa amefika, akamweleza kwa Kiingereza kwamba mtu wake si mgonjwa wa kiti, ni mgonjwa wa heshima, na kwamba yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote humu, amempa ruhusa.

"Mkubwa kuliko wote ni mimi," Brigid akasema. "Na mimi pia nasema akae."

Waliendelea kubishana nani ana umri zaidi. Kulwinder alijifunika mdomo kuficha kicheko.

"Kwetu Wahindi tunagusa miguu ya wazee," akamwambia Bethuel. "Ningeanza kuigusa hapa, ningefika ofisini wakati wa chakula cha mchana. Kwa nini hukusema?"

Hakungoja jibu. Alivuta kiti chenye mto akakiweka kando ya meza. Kuanzia hapo, anayetaka salamu akae kwanza, apewe mikono miwili, wote wakiwa wamekaa. Brigid ndiye aliyekizindua, akakikalia mpaka wenzake wakalalamika.

"Jumatatu, kama kawaida," Kulwinder akasema alipokuwa akirudi ofisini.

Mshahara wa kwanza ulipoingia, Bethuel alimpigia Raisa mwenyewe kuuliza kama ni kweli msaada umepungua. Umepungua, Raisa akasema, kama tulivyokubaliana. Bethuel akakata simu akitabasamu, akamtangazia mkewe kwamba wamepunguziwa. Angeline alisema hajawahi kuona mtu akifurahia kupunguziwa pesa namna hiyo, akamwongezea nyama.

Wakiwa mezani simu ya Angeline ikaita. Ilikuwa video kutoka Mwingi, sura ya mama yake Bethuel imejaa kioo kizima. Bethuel akaweka kijiko chini, akashika ukingo wa meza, akasimama.

"Wewe keti," Angeline akamnong'oneza.

"Huyu," Bethuel akajibu, akiinama mbele ya simu, "bado hajanipa ruhusa."