Vikuba vya Maua ya Bondeni

Aliya alikuwa akimchumia mamake maua ya porini, mvua imeyachanuza bonde lote la Ruwi, Maskati, nduguye Majid alipomjia mbio.

"Da Aliya, Mama keshatutoka! Twende, wataka kumfunga sanda."

Bi Sayyida, mama yao, tangu ahamie Maskati kutoka Unguja mwaka 1964, alikosa asumini, akatunga vikuba vya kifuani kwa maua hayo ya mwitu. Majirani wakimcheka: "Hicho chakula cha mbuzi!"

Naye akiwajibu: "Ndiyo maana mbuzi wenu wananukia kuliko waume zenu!"

Aliya alikimbia, akimwomba Mola amjaalie auwahi uso wa mamake. Akaukuta wazi, unapakwa kafuri. Akambusu kipaji cha uso. Wanawake wakafunga sanda. Wanaume wakamsalia, wakaenda kumzika.