Mshika Kamba

Wenzake kwenye chombo kile cha anga za mbali walimwita Mlinzi, ingawa kazi yake ilikuwa ufundi wa injini. Alichokilinda ni mke. Mkewe alikuwa rubani, na rubani na nahodha hukaa chumba kimoja cha usukani, viti vimebanana mpaka viwiko vinagusana. Fundi hakukosa sababu ya kupanda huko: leo kasahau bisibisi, kesho kapeleka chai ambayo hakuna aliyeiomba. Wenzake walicheka, naye akacheka nao, lakini roho ilimuuma kwelikweli.

Kisha majambazi wakakiteka chombo kwenye mwezi mmoja mkavu usio na hewa. Wakawatupa wenyewe nje, ndani ya banda la zamani la wachimbaji, wakiwa na mavazi ya anga yenye redio na mitungi michache ya hewa. Chombo kilikuwa palepale, majambazi wanapakia madini. Wakimaliza wanaondoka, na hao wa bandani ndiyo basi tena.

Njia ya kurudi ndani ilikuwa moja: bomba la taka. Rubani ndiye aliyekuwa mwembamba wa kupita humo, akafungue mlango mkubwa kwa ndani. Angefungwa kamba kiunoni, ili akikwama avutwe. Na kamba ina sheria yake: kifuniko cha bomba kikianza kushuka, mshika kamba anakata papo hapo. Kikiibana, king'ora kinalia na aliye ndani anakamatwa. Ikikatwa, hana tena wa kumvuta.

“Kamba ashike nahodha,” rubani akasema.

Fundi akahisi macho ya banda zima usoni pake. “Mume wako nimesimama hapa, unamtaka yeye?”

“Baba, haya si mambo ya nyumbani.”

“Basi nipe sababu.”

Mkewe akaanza kujifunga kamba kiunoni, na fundi akalisoma hilo alivyotaka. Lisemwalo lipo, akawaza. Akampokonya nahodha kamba. Nahodha akampa na kisu, kwa upole, na upole huo ukamchoma zaidi.

Basi mke akawa anatambaa kwenye uchafu, na mume huku nje anaachia kamba akikumbuka kila kicheko alichowahi kukisikia kutoka chumba cha usukani. Ghafla kifuniko kikaanza kushuka.

“Kata!” nahodha akasema redioni.

Fundi akainua kisu. Mkono ukagoma. Nikikata, nimemuua mwenyewe.

“Fundi, kata!”

Nahodha akamsukuma, akanyakua kisu, akakata. Alikuwa amechelewa kidogo tu. King'ora kilishalia mara moja, wakakisikia redioni.

Walisubiri, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Hatimaye mlango mkubwa ukafunguka, wakaingia mbio na sururu za wachimbaji. Hapakuwa na wa kupigana naye: majambazi walikuwa wanagonga kwa ndani ya ghala, rubani amewafungia humo walipokuwa wakipanga madini. Rubani alikaa sakafuni, mkono mmoja umevunjika. Jambazi mmoja alisikia king'ora, akamuwahi na nondo kabla rubani hajamsukumia ghalani kwa wenzake.

Fundi akapiga magoti. “Ni mimi, mke wangu. Nilishindwa kukata.”

“Nilijua utashindwa,” akasema. “Ndiyo maana nilimtaka yeye.”

Nahodha akajifanya anakagua bawaba za mlango.

Wivu haujamtoka fundi, na chai bado anapandisha. Ila rubani akitoka nje, kamba humkabidhi nahodha kwa mikono yake mwenyewe.