Simu Moja, Nyumba Tano

Kaa chini nikuambie. Kwetu mu mutaa wa Nengo tuko nyumba tano mu parcelle moja, kiwanja kimoja, na simu ilikuwa kwa mwenye nyumba tu. Ikilia, mutu anakuita mu cour, pale katikati ya nyumba. Juzi fundi wa simu akavuta waya, kila nyumba ikapata simu yake. Bon, kazi muzuri. Lakini laini ni ile ile moja.

Dimanche, siku ya misa, jirani yetu mama muuza sambaza, tusamaki twa ziwa, alikuwa anangojea mutoto wake, mwenye walimupasua moyo kule Bruxelles. Wote tulikuwa tunamuombea, wa misa na wa musikiti. Simu ikalia. Nyumba tano tukainua pamoja: "Allô! Allô!"

"Mama, kuko matanga?" kijana akauliza na woga.

"Ni majirani tu. We watu, muweke chini! Ni mutoto wangu!"

Mama akauliza polepole: "Donc, unaendelea aje?"

"Nimepona, mama. Docteur ameniachilia."

Weee! Vigelegele vikatoka mu simu na mu madirisha pamoja. Hakuna mwenye aliweka chini, hata jirani fundi cherehani mwenye anajifanyaka mupole.

Mama akatokea mulangoni, simu mukononi: "Si niliwaambia muweke chini?" Anafoka, anacheka, machozi iko mu mashavu.

Sasa we, ungeweka chini?